USAHIHI WA KUPIGA TAIPU, NA NAMNA YA KUONDOA MAKOSA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Kibaha na Kisarawe)



Tumeombwa tuseme habari ya kupiga taipu kwa wale wanaojifunza, na hasa habari ya makosa: jinsi yatokeavyo, na namna ya kuyaondoa. Yamkini wako miongoni mwenu wanaodhani kuwa jambo hili ni dogo, la kuachiwa vijana wa chuo cha uhazili. Sisi twaona sivyo. Kazi ya karani ni karatasi. Mtu aliye mbali haijui sura yetu wala nia yetu. Hutujua kwa barua tuliyompelekea, na barua ikiwa na kosa, kwake yeye kosa lile ndiyo serikali.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Chama cha kwanza cha Waafrika watumishi wa serikali katika Tanganyika kiliundwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Bwana Martin Kayamba, mtu aliyesoma Kiungani, Unguja, katika shule ile ile ambayo baadaye, katika miaka ya 1920, ilihamishiwa Minaki, hapa hapa Kisarawe. Twaamini kuwa watu wale, walipopeleka haja zao kwa wakubwa, walijua kwamba barua yao itasomwa mara mbili: mara ya kwanza kutazama wanasema nini, na mara ya pili kutazama wameiandikaje.

Lakini shabaha yetu leo si heshima ya karani peke yake. Twataka kusema habari ya lugha yenyewe, kwa sababu kosa la herufi moja katika Kiswahili si sawasawa na kosa la herufi moja katika Kiingereza, nasi twafundishwa kupiga taipu kwa desturi zilizotengenezwa na watu wa Kiingereza.

Lugha yetu hupakia mambo mengi ndani ya neno moja. Atendaye, atendewaye, wakati, kukubali na kukana, yote hukaa ndani ya kitenzi kimoja, na kila jambo limepewa herufi moja au mbili tu za kulitumikia. Mwingereza akikosa herufi moja, mara nyingi hupata kitu kisicho neno, na jicho lake hukikataa papo hapo. Sisi tukikosa herufi moja, mara nyingi twapata neno jingine lililo zima na safi, lenye maana yake kamili, ila maana hiyo siyo tuliyoikusudia. Jicho hupita juu yake kama kwamba hapana neno.

Tazameni. Baraza limeamua kwamba mdai alipwe shilingi 200,000. Iondoeni W, nalo baraza limeamua kwamba mdai alipe. Karani aandika kuwa mtumishi fulani amehamia Kisarawe. Akiisahau I, mtumishi yule amehama Kisarawe, na jalada lake litaanza safari ambayo mwenyewe hakuianza. Mshtakiwa amekata rufani. A moja ikizidi, amekataa rufani. Bwana Shamba amwandikia mkulima kwamba mbegu hii ya muhogo itakufaa. A moja ikipungua, mbegu hii itakufa, na mkulima mwenye akili ataitupa. Na kubwa kuliko yote ni H. Mjane atapewa. Mjane hatapewa. Kati ya sentensi hizi mbili pana mguso mmoja wa kidole, na mwaka mzima wa nauli za kwenda na kurudi mjini kuuliza kulikoni.

Wala msitumaini kuwa mashine itawaokoa. Kompyuta yenye kamusi ya Kiswahili huweza kuonyesha neno lisilo neno. Haiwezi kupiga mstari mwekundu chini ya neno hatapewa, kwa kuwa hatapewa ni Kiswahili sanifu. Na zile kompyuta zilizowekwa kamusi ya Kiingereza peke yake hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno letu, hata jicho likazoea wekundu ule na kuacha kuuangalia kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitahidi mapema katika jambo hili. Mwaka 2004 mradi wake ulitoa programu za ofisi zenye kusema Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Hata hivyo katika ofisi nyingi karani hukuta mashine imewekwa Kiingereza, naye huiacha hivyo hivyo.

Sasa tuitazame mikono. Mpango wa herufi tunaoutumia ulianza na Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1868. Mashine zake zikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Bwana Sholes hakuwa na habari ya Kiswahili. Katika Kiingereza herufi iongozayo kwa wingi ni E, nayo imepata kidole cha kati, kirefu chenye nguvu. Katika Kiswahili iongozayo ni A, tena huzipita nyingine kwa mbali. Andikeni maneno haya: mahakama ya wilaya. Yana herufi 16, na katika hizo 7 ni A. Nayo A imewekwa wapi? Chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote, ambacho pia hudaiwa Z, na kitufe cha herufi kubwa, na Q juu yake. Q haina kazi kwetu, wala X; na C haiendi mahali bila H. (Tumeona kuwa siku hizi vijana wamempatia X ajira katika simu zao, wakiandika xaxa kwa maana ya sasa. Hayo ni yao. Yasiingie katika jalada.)

Basi kidole kichovu kuliko vyote ndicho kinachobeba mzigo mkubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoamua kama mtu amekata au amekataa. Katika mashine za zamani zilizotaka nguvu ya mkono, A ilitoka hafifu karatasini, na mwalimu aliweza kumjua mwanafunzi mvivu kwa kuitazama. Katika kompyuta herufi zote hutoka sawa, hafifu haionekani, lakini udhaifu haukuondoka: A hukosekana kabisa, au huja mara mbili, au huwahi na kuja kabla ya jirani yake, hata kwa ikawa kaw, na ya ikawa ay. Kwa hiyo twawashauri waalimu wetu waache kuanza na mazoezi yaliyonakiliwa katika vitabu vya Kiingereza, na waanze na kidole hiki. Siku kumi za kwanza ziwe za A.

Kuna jambo la kutazama au kutotazama vitufe. Mwaka 1888 mjini Cincinnati, Marekani, palikuwa na mashindano kati ya watu wawili, Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa karani wa mahakama aliyejifundisha kupiga kwa vidole vyote bila kutazama mashine. Traub alitumia namna nyingine, tena kwa mashine ya namna nyingine. McGurrin akashinda, na tangu hapo namna yake ikaenea. Sababu ya ushindi ni rahisi. Macho ni mawili lakini hutazama mahali pamoja. Yakiwa juu ya vitufe hayawi juu ya karatasi inayonakiliwa, na kila yakirudi hutafuta mstari upya, na mara kwa mara huangukia mstari usio wake. Makosa makubwa kuliko yote, yaani kuruka mstari mzima au kuuandika mara mbili, hayatoki kwenye vidole bali kwenye macho yaliyosafiri. Ndiyo maana kibodi za leo zina alama ndogo iliyoinuka juu ya F na juu ya J: ni kwa ajili ya vidole vya shahada vipate kujua kwao bila kuuliza macho.

Twafika sasa kwenye neno ambalo wanachama wengi wamelileta kwetu: anayejifunza akikosa, afute papo hapo, au aendelee?

Wako waalimu wasemao afute mara moja, asije akazoea kuacha makosa. Sisi hatuafikiani nao, nasi tutasema kwa nini. Mkono hujifunza kile unachokitenda, si kile kinachobaki karatasini. Mwanafunzi akipiga hatpewa, akarudi nyuma, akafuta herufi nne, akapiga tena vema, jicho huona neno zuri. Bali mkono umejifunza njia ndefu yenye kosa ndani yake na kitufe cha kufuta katikati. Akirudia hivyo mara mia, kosa limekuwa sehemu ya neno. Tumewaona watu wanaopiga kitufe cha kufuta kwa wepesi wa ajabu, upesi kuliko herufi yo yote, nao hudhani kuwa huo ni ustadi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, Gordon Logan na Matthew Crump, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa wapiga taipu hodari. Kompyuta ilifanywa idanganye: mara nyingine ilitia kosa katika kioo ambalo mtu hakulifanya, na mara nyingine ilisahihisha kwa siri kosa alilolifanya kweli. Watu walikisadiki kioo. Walijilaumu kwa makosa yasiyo yao, wakajisifu kwa usahihi usio wao. Lakini vidole havikudanganyika. Vilisita kidogo baada ya kosa la kweli, hata kioo kilipoonyesha neno lililo sawa. Na kwa kosa la kubandikwa havikusita. Kwa hiyo mkono una ujuzi wake mbali na macho, na ujuzi huo ndio tunaotaka kuufundisha. Mwanafunzi azoee kuisikia ile sitasita ya kidole, na aiamini.

Basi katika zoezi, kitufe cha kufuta kisiguswe. Mwanafunzi apige mstari hadi mwisho pamoja na makosa yake, kisha achukue penseli na kuyatia alama, na kwa kila kosa aulize ni kidole gani, na kilikuwa kinatoka wapi kwenda wapi. Kisha alipige neno lile zima mara kumi, polepole kadiri ya kutokosa hata mara moja. Neno zima, si herufi iliyokosewa peke yake, kwa sababu kosa haliko katika herufi bali katika njia baina ya herufi na herufi. Akikosa mara moja katika zile kumi, ni dalili kuwa anakwenda upesi kuliko mkono wake. Apunguze mwendo, aanze tena.

Katika kazi ya ofisi, amri ni kinyume chake kabisa. Hapo hakuna kosa linaloachwa, hata nukta, na karatasi haitoki mezani mpaka imesomwa. Anayechanganya mambo haya mawili, akafuta katika zoezi na kuacha katika kazi, amepata hasara pande zote mbili.

Habari ya mwendo tutaipita upesi. Matangazo ya kazi ya katibu mahsusi hutaja kasi, kama vile hatimkato ya maneno 80 kwa dakika, na vijana huichukua kasi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Jueni tu kwamba katika desturi ya taipu neno moja huhesabiwa kuwa miguso mitano, pamoja na nafasi. Neno letu watakaowasilisha lina herufi 16. Kwa hesabu ile, pamoja na nafasi yake, ni zaidi ya maneno matatu. Kwa hiyo karani wa Kiswahili asihuzunike akihesabu maneno machache katika ukurasa wake.

Sasa tuseme juu ya kusahihisha, na hapa twaomba vijana wavumilie kidogo, kwa kuwa tutaanza na mambo ya kale. Wale waliofanya kazi kwa mashine ya taipu wanakumbuka gharama ya kosa moja. Palikuwa na karatasi ya asili na nakala tatu au nne chini yake, na kaboni katikati. Ukikosa, ulisogeza gari la mashine upande, ili vumbi la raba lisidondoke ndani ya vyuma; ukaweka kipande cha karatasi nyuma ya kila kaboni; ukafuta ya juu kwa raba ngumu na nakala kwa raba laini; ukaondoa vipande vyote; ukarudisha gari mahali pale pale, ukapiga herufi kwa uangalifu. Aliyesahau kipande kimoja alipata doa jeusi katika nakala ya tatu. Na aliyesahihisha ya juu akaziacha nakala, alifanya jambo baya zaidi, maana barua iliyokwenda ilisema neno moja na jalada lilisema jingine.

Stensili ilikuwa ngumu zaidi. Utepe wa wino uliondolewa, na herufi za chuma zilikata nta ya karatasi ile zenyewe, hivyo ilibidi kuzisafisha kwanza kwa brashi, kwa kuwa tumbo la a na la e hujaa uchafu upesi. Ukipiga o kwa hasira, duara lake lilidondoka na kuacha tundu, na katika kila nakala iliyotoka palikuwa na doa la wino mahali pa o. Kosa lilipotokea, uliinua stensili kidogo isigandamane na karatasi ya nyuma, ukalisugua taratibu, ukapaka dawa yake kwa brashi nyembamba, ukangoja ikauke, kisha ukapiga herufi mpya kwa mkono mwepesi. Asiyengoja alichana stensili, akaanza ukurasa upya. Watu waliofunzwa na karatasi ile walikuwa hawana haraka.

Hata huko Marekani gharama hiyo ilimchosha katibu mmoja, Bibi Bette Nesmith Graham wa Dallas. Katika miaka ya 1950 alianza kutengeneza nyumbani kwake rangi nyeupe ya kufunika makosa ya taipu, na mwaka 1979 kampuni yake ikanunuliwa na Gillette kwa dola milioni 47.5. Twalitaja hilo si kwa sababu ya fedha, ingawa fedha si haba, bali mpate kuona jinsi makosa ya taipu yalivyokuwa mengi duniani.

Siku hizi kufuta ni bure. Kosa huondoka bila vumbi, bila doa na bila kungoja, na kwa sababu hiyo watu wameacha kuliogopa. Lakini kompyuta imeleta makosa yake yenyewe, ambayo raba haikuyajua.

La kwanza ni lile la kubadili neno mahali pote kwa amri moja. Tuseme karani ameandika taarifa ndefu juu ya ada, akaambiwa neno liwe kodi. Anaiamuru mashine: kila penye ada, weka kodi. Mashine hutii. Taarifa inarudi kwa mkubwa ikiwa na maneno bakodi ya mkutano na mkodiraka ya mwenyekiti, kwa kuwa ndani ya baada mna ada, na ndani ya madaraka mna ada. Hilo ni la kuchekesha na huonekana. Lisiloonekana ni pale karani abadilipo mtu kuwa watu na kuacha huyu na alifika vivyo hivyo nyuma yake. Katika Kiswahili maneno hufuatana kama mabehewa. Ukibadili la mbele, soma sentensi nzima hadi mwisho wake.

Jingine ni la kibodi yenyewe. Kompyuta nyingine hutujia zikiwa zimetumika Ulaya, na za Kijerumani zina Z mahali petu pa Y, na Y mahali petu pa Z. (Za Kifaransa huweka A mahali pa Q, kama wajuavyo ndugu zetu wa Kongo na Burundi, na kidole kile kile dhaifu hupandishwa mlima.) Karani aliyezoea mpango wa Kiingereza, akiiandikia mashine ya Kijerumani habari ya nyumba ya marehemu, hupata nzumba za marehemu. Jicho lake hulikataa nzumba mara moja, hulifuta na kuliandika vema. Lakini za halilikatai, maana za ni neno. Barua inakwenda ikisema nyumba za marehemu, na warithi wanaanza kuulizana nyumba ya pili iko wapi. Ndiyo maana twasema: ukiona kosa moja baya katika mstari, usiridhike kulifuta, tafuta ndugu yake aliyevaa nguo nzuri.

Tena kuna tarakimu. Mashine nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Mpigaji alitumia l ndogo, na wengine walitumia O kubwa mahali pa sifuri. Karatasini haikudhuru. Katika kompyuta l si 1, hata kama yanafanana kama mapacha. Hesabu haitajumlishwa, na jina la jalada halitapatikana likitafutwa. Wazee waliozoea namna ile waiache, na vijana wawakumbushe kwa adabu. Na alama ile katika ng' ni herufi kwetu, si pambo. Jina lililoandikwa nayo katika daftari moja na bila yake katika daftari jingine, mashine huwahesabu kuwa watu wawili.

Mahali petu hapa pana mitego yake. Kibaha na Kibada zatofautiana kwa herufi moja, na Kibada iko Kigamboni. Kisarawe ni wilaya yetu, lakini iko pia kata ya Kisarawe II huko huko Kigamboni. Tarakimu ile ikiachwa, barua inavuka mipaka. Iko Chole ya Kisarawe na Chole ya Mafia, nazo zote ni za Mkoa wa Pwani. Na Masaki ya Kisarawe si ile Masaki ya Dar es Salaam, ingawa wako watu ambao wangefurahi sana kiwanja chao kikikosewa hivyo. Basi karani asiandike jina la mahali peke yake. Aandike na kata na wilaya.

Zaidi ya yote ni tarehe ya kuzaliwa na jina la mtu. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Sheria ya utumishi humtaka mtu astaafu kwa lazima atimizapo miaka 60, na humruhusu kwa hiari atimizapo 55. Aliyezaliwa mwaka 1965 mwaka wake wa kustaafu kwa lazima ni 2025. Vidole viwili vikipishana, 65 ikawa 56, daftari litasema alipaswa kuondoka mwaka 2016. Miaka 9 ya utumishi wa mtu imegeuka shaka, na ni yeye, si mpiga taipu, atakayetakiwa kutafuta cheti cha ubatizo, barua ya shule na hati ya kiapo. Vivyo hivyo Ramadhani na Ramadhan, Shabani na Shaban, Mwanaidi na Mwanahidi. Msimsahihishie mtu jina lake kwa kuwa mwaona limekosewa. Andikeni kama lilivyo katika cheti alichokileta, herufi kwa herufi, na kama vyeti viwili havipatani mwambieni siku ile ile, angali yu kijana na mashahidi wake wangali hai.

Namna ya kuyakamata makosa haya ni ya kale, nasi hatujaona iliyo bora. Wasome wawili. Mmoja ashike asili na kusoma kwa sauti, mwingine ashike nakala iliyochapwa na kufuata kwa penseli. Namba zisomwe tarakimu moja moja: moja, tisa, sita, tano, si elfu moja mia tisa. Majina yatajwe herufi zake. Penye kitenzi chenye H mbele, msomaji atamke kwa nguvu. Fedha iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na yote mawili yasomwe. Aliyeandika asiwe yeye msomaji wa nakala, maana husoma alichokusudia badala ya alichokiandika. Na kama hana mwenziwe, aiache karatasi hadi kesho yake asubuhi, aichape, aisome karatasini na si kiooni, akianza na mstari wa mwisho na kupanda juu.

Na karatasi ikiisha kutiwa sahihi, mlango wa kufuta umefungwa. Hapo kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili lililokuwako lisomeke, lililo sawa huandikwa juu yake, na aliyebadili hutia herufi za jina lake na tarehe kando. Au huandikwa barua ya pili inayoitaja ya kwanza. Kuingia katika jalada la kompyuta na kubadili neno kimya kimya baada ya barua kwenda, hata kwa nia njema, ni kulifanya jalada liseme uongo, nasi tusingependa kusikia kuwa mwanachama wetu amefanya hivyo.

Wako wazee waliotuuliza kama mkono wa miaka 50 waweza kujifunza. Waweza, ila hautaki masaa mawili kwa siku moja ya Jumamosi. Wataka dakika kumi na tano kila siku, kabla ya kazi kuanza, mkono ungali haujachoka.

Karatasi za zoezi ziko mezani kwa Bwana Katibu. Mstari wa kwanza ni majina ya kwetu: Kibaha, Mlandizi, Ruvu, Soga, Kisarawe, Masaki, Maneromango, Mzenga, Kazimzumbwi. Mstari wa pili ni: atapewa, hatapewa, alipe, alipwe, amehama, amehamia, amekata, amekataa. Kila mmoja aipige mara kumi, polepole, bila kukigusa kitufe cha kufuta, kisha ampe aliye kulia kwake asome kwa penseli. Karatasi zikiisha kutiwa alama zirudishwe kwa Bwana Katibu pasipo jina la mtu juu yake, ili tuhesabu ni herufi zipi zinazotushinda, na mazoezi ya mwezi ujao yatengenezwe kwa hizo.